Bi Harriet Powers: Mshonaji wa Georgia Aliyeandika kwa Sindano na Uzi

Kila Desemba tunapokusanyika kusherehekea Uhuru wa nchi yetu, wazee huwasimulia watoto habari za tarehe 9 Desemba 1961. Wengi wa watoto hao wamezaliwa hapa Marekani, na shuleni wanafundishwa habari ya Desemba nyingine: tarehe 6 Desemba 1865, siku ambayo badiliko la 13 la Katiba ya Marekani liliidhinishwa na utumwa ukapigwa marufuku nchi nzima. Mwaka huu nimeona niwaletee maisha ya mwanamke mmoja aliyeipokea siku hiyo akiwa na umri wa miaka 28. Hakuwa mwanasiasa wala mhubiri. Alikuwa mama wa shamba aliyejua kushona, na kazi mbili za mikono yake leo zimehifadhiwa katika makumbusho mawili makubwa ya nchi hii. Jina lake ni Harriet Powers.

Kabla ya kuendelea, wageni wa nchi hii tuelezane neno moja. Kwilti ni mfuniko wa kitanda unaoshonwa kwa tabaka tatu: juu kitambaa cha mapambo, katikati pamba ya kuleta joto, na chini kitambaa cha kawaida. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono midogo midogo inayopita kote. Watu wengi hushona sehemu ya juu kwa kuunganisha viraka. Wengine hukata maumbo ya watu, wanyama au maua na kuyashonea juu ya kitambaa, na hivyo ndivyo alivyofanya Bi Harriet. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewaona wazee wengi wa Kimarekani wakija wodini wamekumbatia kwilti kutoka nyumbani, na ukiwauliza nani aliishona, uso hubadilika na hadithi huanza. Ndipo nilipoanza kufuatilia habari za kazi hii.

Maisha ya utumwani na baada yake

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 karibu na mji wa Athens, katika jimbo la Georgia. Alizaliwa mtumwa. Georgia ya wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba ya pamba, na mali ya matajiri ilihesabiwa kwa ekari na kwa vichwa vya watu. Tangu mwaka 1829 sheria ya jimbo ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Kushona, kwa upande wake, hakukukatazwa. Kulikuwa sehemu ya kazi za wanawake watumwa katika nyumba za mabwana na katika vibanda vyao wenyewe, maana nguo na mifuniko haikuja yenyewe.

Mwaka 1855, akiwa hajafikisha miaka 18, aliolewa na Armstead Powers. Mungu aliwajalia watoto wasiopungua tisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, familia ilikuwa huru, lakini uhuru huo haukuja na shamba, nyumba wala ng'ombe. Watu walioilimia Georgia pamba kwa vizazi vingi waliachiwa mikono yao tu.

Bwana na Bibi Powers waliitumia mikono hiyo. Walilima, wakalea, wakajinyima, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa na ekari nne za ardhi yao wenyewe nje kidogo ya Athens. Ekari nne si shamba kubwa. Lakini kwa mtu ambaye miaka ishirini nyuma alikuwa yeye mwenyewe mali ya mwingine, kumiliki udongo anaoulima ni jambo kubwa. Wazazi wetu walionunua kiwanja chao cha kwanza nyumbani baada ya miaka mingi ya kutuma fedha wanaijua furaha hiyo.

Kwilti ya Biblia

Ni katika miaka hiyo ya ardhi yao wenyewe ndipo Bi Harriet aliposhona kazi iliyomtoa. Inaitwa Kwilti ya Biblia. Ina picha 11 zilizopangwa katika safu tatu, na wataalamu wamehesabu vipande 299 vya kitambaa ndani yake. Vipande vingi vilishonewa kwa cherehani, na mishono mingine aliipitisha kwa mkono.

Ukiitazama inasomeka kama kitabu. Picha ya kwanza ni Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni pamoja na wanyama: tembo, ngamia, mbuni, na nyoka. Watoto watafurahi kujua kwamba katika picha hiyo ni nyoka peke yake aliyewekewa miguu, maana bado hajalaaniwa kutambaa kwa tumbo. Kisha wanafuata Hawa na mwanawe, Shetani katikati ya nyota saba, Kaini akimuua Habili, Kaini akienda nchi ya Nodi kutafuta mke, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, kusulubiwa kwake, Yuda na vipande thelathini vya fedha, Karamu ya Mwisho, na mwisho kabisa ile Familia Takatifu.

Watu wake ni maumbo rahisi, kama vivuli vilivyokatwa kwa mkasi. Nyota na majua yametapakaa kila mahali. Hakuna uso wenye macho wala mdomo, lakini huwezi kukosea nani amepigwa na nani anasali. Wapo wataalamu wanaofananisha namna hii ya kukata na kushonea maumbo na vitambaa vya kifalme vya Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, huko Afrika Magharibi. Sisi wa Afrika Mashariki tusikimbilie kudai kwamba ni wetu. Inatosha kwamba tukimwona tunamtambua.

Mwaka 1886 aliipeleka kwilti hiyo kwenye maonesho ya pamba mjini Athens. Hebu tulione jambo hilo lilivyo. Mwanamke Mweusi, aliyezaliwa mtumwa, anachukua kazi yake na kuitundika mbele ya mji mzima wa watu waliokuwa mabwana. Hakutumwa na mtu. Alijua alichokishona kina thamani ya kutazamwa.

Bei na thamani

Katika maonesho hayo alipita Bi Jennie Smith, Mzungu, mchoraji na mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana ya Lucy Cobb Institute pale pale Athens. Alisimama mbele ya kwilti, akaulizia mwenyewe, akamtafuta na kumwomba amuuzie. Bi Harriet alikataa. Haikuwa suala la kiasi gani, kwani hakutaka kuiuza kwa bei yoyote.

Halafu maisha yakabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 hali ya fedha ya familia ilikuwa mbaya, na ile ardhi waliyoihangaikia ikaanza kuuzwa kipande kwa kipande. Bi Harriet akamkumbuka yule mwalimu na kumpelekea habari kwamba sasa yuko tayari kuuza. Safari hii mwalimu mwenyewe hakuwa na fedha. Mwaka uliofuata ndipo alipotuma neno kwamba anaweza kununua.

Bi Smith aliandika habari ya siku hiyo, na ndiyo sababu tunaijua. Bi Harriet alifika kwa mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe, amepakata kwilti mapajani. Alikuwa ameifunga katika mfuko safi wa unga, na mfuko huo akautia ndani ya gunia. Alitaka dola 10. Mwalimu akasema ana dola 5 tu. Bi Harriet akatoka nje kwenda kushauriana na mumewe, akarudi na kusema kwamba mumewe amemshauri akubali. Akapokea dola 5.

Wengi wetu tumewahi kuwa katika chumba cha namna hiyo. Umekuja nchi ya watu na shahada yako au ufundi wako, na anayekupa kazi anajua kwamba kodi ya nyumba inadaiwa. Unakubali kiasi kinachotajwa kwa sababu watoto lazima wale. Hapo bei imepatikana, lakini thamani ya kazi haijasemwa na mtu. Bi Harriet aliijua tofauti hiyo, na alichofanya baadaye ndicho kilichomwokoa asisahaulike.

Kabla ya kuondoka aliikunjua kwilti na kueleza picha moja moja: huyu ni nani, hii nyota ni ya nini, kwa nini damu inatiririka pale. Bi Smith aliyaandika maelezo hayo. Hata baada ya kuiuza, Bi Harriet alirudi mara kadhaa kuitazama, maana kwake ilikuwa kama mtoto aliyetoka kichwani mwake. Aliiuza nguo, lakini hakukubali hadithi yake iondoke bila kusimuliwa. Kama siku ile angechukua dola 5 na kwenda zake kimya, leo tungekuwa na mfuniko wenye maumbo ya ajabu, na kila mtu angebuni maana yake.

Atlanta, na kwilti ya pili

Mwaka 1895 mji wa Atlanta uliandaa maonesho makubwa ya kimataifa ya biashara na pamba. Ni maonesho yale yale ambayo Booker T. Washington aliyafungua kwa hotuba iliyomfanya ajulikane nchi nzima. Palikuwa na jengo maalumu la kuonesha kazi za watu Weusi, na Kwilti ya Biblia ilioneshwa humo.

Wake wa walimu wa Atlanta University, chuo kilichofundisha vijana Weusi, walivutiwa na kazi ya Bi Harriet. Wakanunua kutoka kwake kwilti ya pili, ili iwe zawadi. Mwaka 1898 ilikabidhiwa kwa Mchungaji Charles Cuthbert Hall wa New York, aliyekuwa mkuu wa Union Theological Seminary na mmoja wa wadhamini wa chuo hicho. Sasa kazi ya mikono ya mtumwa wa zamani ilikuwa zawadi inayostahili kupewa mkuu wa chuo.

Kwilti hii ya pili ina picha 15. Safari hii Bi Harriet hakubaki na Biblia peke yake. Wapo humo Ayubu akiwaombea adui zake, Musa na nyoka wa shaba, na Yona akitupwa baharini. Lakini kando yao aliweka mambo yaliyotokea katika nchi yake. Kuna siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, wakati mbingu za kaskazini mwa Marekani zilipofunikwa na moshi wa moto wa misitu hata mchana ukawa usiku. Kuna usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo vilipoanguka kwa maelfu na watu wakadhani ni mwisho wa dunia. Kuna ile baridi kali ya Februari 1895.

Ninaomba vijana wetu wapige hesabu hapa. Bi Harriet alizaliwa mwaka 1837. Siku ya giza ilitokea miaka 57 kabla yake, na vimondo miaka minne kabla yake. Hakuviona kwa macho yake. Aliyajua mambo hayo kwa sababu yalikuwa yanasimuliwa, mtu na mtu, mzazi na mtoto, miongoni mwa watu waliokatazwa kalamu. Alichofanya ni kuyachukua masimulizi hayo na kuyafunga kwa uzi yasianguke.

Imo pia picha ya nguruwe jike aitwaye Betts, aliyejiamulia mambo yake mwenyewe. Kwa maelezo ya kwilti hiyo, nguruwe huyo alikimbia maili 500 kutoka Georgia mpaka Virginia. Wapo wanaosoma humo habari ya watumwa waliotoroka kuelekea kaskazini kutafuta uhuru. Na imo picha ya matajiri wa Virginia ambao hawakufundishwa lolote kuhusu Mungu, na adhabu iliyowapata. Bi Harriet aliwashonea matajiri hao hukumu yao, akaiweka mahali ambapo wakubwa wangeiona.

Barua na kaburi

Bi Harriet alifariki dunia tarehe 1 Januari 1910, akiwa na umri wa miaka 72. Alizikwa Athens, katika makaburi ya Gospel Pilgrim, makaburi ya watu Weusi yaliyoanzishwa mwaka 1882. Miaka ikapita, nyasi na miti ikameza makaburi, na jiwe lake likapotea machoni pa watu. Lilikuja kuonekana tena mwaka 2005.

Kwilti zake zilikuwa na maisha ya aina nyingine. Ile ya pili iliingia Museum of Fine Arts ya Boston mwaka 1964. Ile ya kwanza, iliyouzwa dola 5, ilikabidhiwa kwa makumbusho ya Smithsonian mjini Washington mwishoni mwa miaka ya 1960, na sasa ni miongoni mwa hazina za makumbusho ya historia ya taifa. Mwaka 2009 Bi Harriet aliingizwa katika orodha ya heshima ya wanawake wa Georgia waliotenda makubwa, na mwaka 2010 meya wa Athens alitangaza tarehe 30 Oktoba kuwa siku ya Harriet Powers. Mwaka 2021, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, kwilti zake mbili zilitundikwa pamoja kwa mara ya kwanza katika onesho la kwilti la Boston.

Kwa muda mrefu vitabu vilimtaja kama mwanamke asiyejua kusoma. Ilionekana ni jambo la wazi: mtumwa, mwanamke, mshonaji, atajuaje? Kisha mtafiti Kyra Hicks, ambaye mwenyewe ni mshonaji wa kwilti, akafuatilia nyaraka na kutoa kitabu mwaka 2009. Alionesha, kwa ushahidi wa barua ya Bi Harriet ya mwaka 1896, kwamba mama huyu alijua kusoma, kwamba alishona kwilti zisizopungua tano, kwamba kazi yake iliwahi kupata tuzo, na kwamba aliitangaza mwenyewe. Zaidi ya miaka mia moja watu walikuwa wanasimulia habari zake nusu, kwa sababu waliotangulia walimkisia badala ya kumuuliza. Sisi tuliokuja nchi hii na lafudhi zetu tunajua mtu anavyoweza kukisiwa.

Kwa familia zetu

Kuna mambo mawili ninayopenda tuyachukue kutoka kwa Bi Harriet katika sherehe hii.

La kwanza ni kwa watoto na vijana. Uhuru wa Desemba 1865 haukumpa Bi Harriet mali, lakini ulimpa haki ya kukitundika alichokitengeneza na kusema hiki ni changu. Uhuru wa Desemba 1961 ulitupa haki hiyo hiyo. Mkibahatika kufika Washington au Boston, ulizeni kwanza makumbusho kama kwilti ziko nje siku hizo, maana nguo huharibiwa na mwanga na haziwekwi wazi kila wakati. Mkizikuta, simameni mbele yake mtafute nyoka mwenye miguu na nguruwe aliyekimbia.

La pili ni kwetu wazazi. Karibu kila nyumba yetu ina kanga zilizokuja kwenye sanduku la safari. Moja alivaa bibi siku ya harusi, nyingine ilitolewa kwenye msiba, nyingine mtoto alibebewa mgongoni. Sisi tunajua. Watoto wetu wanaona kitambaa cha kufuta meza, na hata maandishi ya kanga wengine hawawezi kuyasoma tena. Kazini nimekaa na watoto wa marehemu wakikunja nguo za mama yao, wakiulizana hii ilikuwa ya nini, na aliyejua ameshaondoka.

Bi Harriet alipoona kitu chake kinaondoka mikononi mwake, alikaa akakieleza, na mtu akaandika. Basi wikiendi hii baada ya sherehe, toeni kanga hizo. Mkalisheni mtoto karibu, asomewe jina la kanga, aambiwe nani aliivaa, wapi, mwaka gani na kwa sababu gani. Yeye mwenye mwandiko mzuri aandike kwenye karatasi, mkunje karatasi hiyo ndani ya kanga. Ni kazi ya saa moja tu.

Nawatakia nyote heri ya Siku ya Uhuru.